Bei Nyuma ya Mlango

Siku niliyomwona Nyanjige kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetumwa kumdai ushuru. Nikala ugali wake, nikaondoka bila kumdai.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 1995, hapa Bariadi, wakati huo tukihesabiwa mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa mtoza ushuru, kijana wa darasa la saba, na kazi yangu ya kawaida ilikuwa mnadani, kukata stakabadhi za ng'ombe na mbuzi. Mnadani hapakuhitaji maneno mengi. Mtu anapita na mnyama wake, unanyoosha mkono, anakupa, unampa karatasi. Kazi hiyo ilinifaa, kwa sababu tangu utotoni mimi ni mtu wa aibu. Nikisimama mbele ya mtu nisiyemzoea, maneno niliyoyapanga njiani hunikimbia yote.

Mwaka ule soko huria lilikuwa limeshafika kwenye pamba. Zamani chama cha ushirika kilinunua peke yake, na karani wake alilala ghalani na marobota. Sasa walikuja wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake, mizani yake na vijana wake, na mji ulikuwa na nyumba za wageni mbili tu. Watu wa mtaa wa Somanda wenye vyumba vya ziada wakaanza kuwapokea kwa msimu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa. Halmashauri ikakaa vikao, ikaamua kwamba nyumba yoyote inayolaza watu kwa malipo, hata kama ni kwa msimu tu, itakata kibali na kulipa sehemu ya tano ya bei ya chumba. Bwana Januarius, mkuu wetu wa mapato, akanipa orodha ya nyumba kumi na moja. Ya Nyanjige ilikuwa ya tisa.

Nilimkuta anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba ulio kando ya ua wake. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mjane, ana kanga moja kiunoni na nyingine begani. Nikasimama kwenye uzio wa minyaa, kitabu cha stakabadhi kikiwa kwapani.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka, mwanangu. Ingia."

Akanitolea kigoda, akaniletea maji kwenye kata. Nikanywa. Nikafungua mdomo. "Mayu, mimi nimetumwa..."

"Ngoja kwanza."

Akaingia jikoni, akarudi na ugali wa mtama na mlenda, na maji ya kunawa. Nikajaribu tena. Akacheka.

"Kula, mwanangu. Kwenye kaya hii mtu haulizwi jina wala shida kabla hajala. Ukishiba utasema. Na kama huna la kusema, utalala."

Nikala. Wakati nakula, dereva mmoja alitoka kwenye chumba cha pili, kati ya vyumba vinne vilivyotazama uani, akiwa na begi lake. Kando ya mtungi wa maji palikuwa na kapu la ukindu. Dereva akaweka pakiti ya chumvi ndani ya lile kapu, akashukuru, "Wabeja, mayu," akaenda zake. Nyanjige hata hakugeuka kutazama alichoweka.

Nilipomaliza kula nilinawa, nikashukuru, nikaondoka.

"Umemdai yule mama?" Bwana Januarius aliniuliza ofisini.

"Bado."

"Saa nzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikula."

Felisita, mtunza fedha wetu, alikuwa dirishani kwake akisikia. Akasema, "Huyu Athanasi ukimtuma kukamata mwizi, atarudi amembebea mwizi mzigo." Ofisi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nifanyeje.

Nilirudi kwa Nyanjige siku ya tatu, nikala tena, na safari hii nikajikaza. Nilimwambia halmashauri inataka sehemu ya tano kwa wenye nyumba za kulaza watu. Nilitakiwa kumweleza habari ya kibali, na bei, na ubao wa kuitangaza mlangoni. Lakini alipoitikia kwa kichwa tu, bila ugomvi, nikaona nimepona, nikayaacha yale mengine.

"Sehemu ya tano ya vile wanavyoacha?" akauliza.

"Ndiyo, mayu."

"Hilo halina shida. Baba yangu alikuwa anapeleka mtama kwenye ghala la mtemi kila mavuno, na mimi nikiwa msichana nilibeba kichwani. Mwisho wa mwezi nitaleta mwenyewe."

Alikuja kweli. Ilikuwa siku ya malipo, foleni imejaa barazani. Akaingia na kapu lake kichwani na jogoo mkononi, akapanga vitu mezani pa Felisita kimoja kimoja. Chumvi aliyoipima kwa kikombe. Kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi, kimenyooka vizuri. Chupa ya mafuta ya taa iliyojaa robo tu. Noti kadhaa zilizokunjwa. Na yule jogoo, miguu imefungwa.

"Mama, hivi ni nini?" Felisita akauliza.

"Ushuru. Sehemu ya tano."

"Na jogoo? Walikuwa watano?"

"Alikuwa mmoja. Ningemkataje? Nimemleta mzima. Mtanirudishia sehemu zangu nne."

Watu wa foleni wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni Felisita achague paja!" Felisita naye alikuwa anacheka mpaka machozi, lakini kalamu ameishika. "Stakabadhi ya jogoo naiandikaje, mama yangu?"

"Andika jogoo."

Bwana Januarius akatoka chumbani kwake kuona kelele ni za nini. Hakuwa mtu mbaya, lazima niseme. Alimkalisha Nyanjige kwenye kiti chake mwenyewe, akamweleza polepole, yote ambayo mimi sikuyaeleza. Halmashauri haichukui chumvi wala kuku, inachukua fedha, na fedha hiyo inahesabiwa kwenye bei ya chumba. Kwa hiyo lazima chumba kiwe na bei, na bei iandikwe kwenye ubao.

"Chumba changu hakina bei," Nyanjige akasema. "Mtu anaacha anachoweza."

"Na asiyeweza?"

"Anaacha salamu."

Bwana Januarius akakuna kichwa. "Mama, sehemu ya tano ya salamu mimi nitaiweka benki gani?"

Hata Nyanjige akacheka. Halafu akauliza swali lake, kwa upole, kama mtu anayetaka kujua. "Mtama wa mtemi ulikaa ghalani. Mwaka wa njaa tulikwenda kuuchukua, na msafiri akipita alilishwa humo humo. Huu wenu utamlisha nani?"

"Utajenga choo cha soko."

"Soko halina choo."

"Ndiyo maana tunautaka."

Akakubali kwamba jibu hilo lina maana. Ila Bwana Januarius alimaliza kwa neno gumu. Ifikapo tarehe kumi mwezi wa sita, siku pamba inafunguliwa, nyumba isiyo na ubao wa bei haitaruhusiwa kulaza mtu yeyote wa msimu.

Nilimsindikiza nyumbani, nimembeba jogoo. Tulipofika kwenye minyaa ndipo akasimama.

"Athanasi, unajua mume wangu alikufaje?"

Sikujua.

Mumewe aliitwa Mihayo. Kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe wa watu kwa miguu hadi minadani, kuuza na kuleta fedha. Mwaka mmoja alikuwa anarudi, homa ikamshika njiani, akafika mji mmoja, mji ambao Nyanjige hakuwahi kunitajia jina, mvua ikinyesha. Fedha alikuwa nazo kiunoni, nyingi, lakini zilikuwa za mwenye ng'ombe. Akabisha hodi kwenye nyumba tatu, akaomba kulala bure. Asubuhi wakamkuta kwenye baraza la duka, amekufa. Mkanda wa fedha ulikuwa kiunoni, haukupungua hata senti.

"Homa ndiyo ilimuua," Nyanjige akasema. "Siwezi kusingizia nyumba ya mtu. Lakini waliomfungulia walimtajia bei kabla hawajamuuliza anaumwa nini."

Nikamuuliza, nikitazama chini, kwa nini asiwaache wanunuzi wa pamba, apokee wasio na kitu peke yao, maana kwa hao hakuna ushuru.

"Nitawalisha nini? Shamba langu ni eka moja na nusu. Hawa wa mizani wakilala miezi minne, kapu linanifikisha mavuno mengine. Wao ndio wanawalisha wale. Ukiwatoa wao, nafunga mlango." Akampokea jogoo wake mkononi mwangu. "Na ukiweka bei, nafunga pia."

Nilielewa. Lakini tarehe kumi ilikuwa inakuja.

Tarehe nane alinituma kununua rangi. Alikuwa amekubali. Nikaandika ubao mwenyewe, herufi nyekundu, maana mwandiko wangu ni mzuri hata kama maneno yangu ni machache. CHUMBA SH. 500 KWA SIKU. Yeye hakujua kusoma. Alinitazama nikiandika kama mtu anavyomtazama mganga akichanganya dawa. Nikaupigilia kwenye mlango mkubwa wa mbele, unaotazama njia.

Siku iliyofuata nilikuwa kando ya nyumba nikirekebisha bawaba ya dirisha la chumba cha tatu. Jua lilikuwa linaelekea magharibi. Akaja mzee mmoja, vumbi hadi magotini, kamba ya ng'ombe begani na fimbo mkononi. Nilimjua kwa ile kamba. Alikuwa anafuata nyayo za ng'ombe walioibwa, na mtu wa namna hiyo hutembea siku nyingi akila anapokaribishwa. Pengine alikuwa ameelekezwa huko nyuma kwamba kuna mama Somanda anapokea watu. Alikuja moja kwa moja hadi mlangoni, akainua fimbo kubisha.

Halafu akauona ubao. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma taratibu, midomo ikitembea. Kidole kilipofika kwenye tarakimu, akakishusha. Akajipangusa vumbi la kaptura, sijui kwa nini, akageuka, akarudi alikotoka.

Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Ilinitosha kusema neno moja tu: karibu. Nilikuwa nalo mdomoni. Sikulisema.

Nyanjige alitoka jikoni akaona mgongo wa mtu unaishia kwenye minyaa. "Nani yule?"

"Mzee mmoja. Ana kamba."

Alitupa mwiko, akatoka mbio bila viatu. Nikamfuata. Tulifika barabara kubwa tukakuta vumbi la lori linaloelekea Maswa. Wauza mahindi ya kuchoma wakasema ndiyo, mzee mwenye kamba amepanda nyuma, juu ya magunia, na hali yake haikuwa nzuri, alikuwa anatetemeka.

Tulirudi nyumbani. Akasimama mbele ya mlango wake, akautazama ule ubao kwa muda mrefu.

"Athanasi."

"Naam, mayu."

"Huu ubao umemwambia nini yule mzee?"

"Umemwambia shilingi mia tano."

"Haukumwambia maji yapo?"

"Hapana."

"Haukumwambia kuna ugali jikoni?"

"Hapana, mayu."

Hakunilaumu. Hakuuliza hata kwa nini mimi sikumkaribisha. Nadhani alijua, akanisitiri. Akaingia ndani, na jikoni ugali ulikuwa umeshaungua.

Sijawahi kujua yule mzee alifika wapi, wala kama aliwapata ng'ombe wake. Mambo mengi niliyoyafanya maishani nimeyasahau, lakini lile nisilolifanya ninalikumbuka.

Asubuhi ya tarehe kumi nilimngoja Bwana Januarius mlangoni pa ofisi kabla hajafungua. Nilikuwa nimekesha nikipanga maneno. Yakanikimbia kama kawaida, lakini nikaanza hivyo hivyo, na nikasema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema pale ofisini kwa miaka minne. Nikamwambia habari ya Mihayo. Nikamwambia kwamba kosa la jogoo lilikuwa langu, kwa kuwa sikumweleza mama vizuri. Nikamwambia habari ya mzee wa kamba, na kwamba nilikuwepo na nikanyamaza. Halafu nikamuuliza kama ni lazima ubao utazame njiani. Mteja anatakiwa kuijua bei. Je, hawezi kuijua akiwa ameshaingia?

Alinitazama sana. "Wewe ndiye Athanasi?"

Felisita, aliyekuwa anafika, akasema, "Kumbe ana sauti!"

"Jioni nitakuja kukagua," Bwana Januarius akasema. "Ubao ukiwa haupo, ninafunga. Nisisikie habari ya marehemu."

Nikakimbia Somanda. Tukaung'oa ubao. Nikakata vibao vinne vidogo, nikaandika bei kwenye kila kimoja, nikavipigilia ndani ya vyumba, nyuma ya milango, mahali ambapo mtu hawezi kuviona mpaka ameingia na kuufunga mlango. Nyanjige alikuwa ananishikia misumari. Wanunuzi watano walikuwa wameshaweka mizigo uani wakingoja kuambiwa kama watalala pale au wahamishwe.

Bwana Januarius alifika na faili. Mlango wa mbele ulikuwa mtupu, umebaki na matundu ya misumari tu. Akayatazama yale matundu, akanitazama mimi.

"Mama, mimi nimekuja ki..."

"Ngoja kwanza," Nyanjige akasema.

Akamletea maji. Akamletea ugali. Mkuu wa mapato alijaribu kulifungua faili, akaona mikono imeshamwagiwa maji, akala. Wale wanunuzi walikuwa wanatazama kama watu walio mahakamani. Aliposhiba aliomba kuonyeshwa chumba. Akaingia, akakaa kitandani, mlango ukajifunga nyuma yake, maana fremu yake ilikuwa imeinama kidogo.

Tukamsikia anauliza kutoka ndani, "Sasa bei yenyewe iko wapi?"

"Mbele yako, baba," Nyanjige akasema.

Akaisoma kwa sauti. Halafu akacheka, kicheko cha mtu peke yake chumbani. Akatoka, akaandika kwenye faili: bei imeoneshwa chumbani. Akamwambia Nyanjige, "Anayelipa, Athanasi atamwandika kwenye daftari na ushuru wake. Asiyelipa, mwandike pia, uweke mstari. Sitaki nikute mtu kitandani asiye kwenye daftari."

Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na moja. Kila Jumamosi nilikwenda kujaza daftari. Nyanjige alikuwa ameshachora mistari yake kwa mkaa ukutani jikoni, mstari mmoja kwa kila asiyelipa, nami nikaihamisha kwenye karatasi. Ukaguzi ulikuja mara nyingi, na wakaguzi wengine walikuwa wakali, lakini hawakukuta upungufu. Ushuru wake ulilipwa kwa fedha, kila mwezi, hata katika misimu ambayo bei ya pamba ilianguka na magari yakawa machache na mistari ikawa mingi kuliko majina. Choo cha soko kilijengwa mwaka wa pili. Alikwenda kukitazama siku ya kufunguliwa, akazunguka nyuma, akarudi akasema ukuta umenyooka.

Kabla miaka hiyo haijaisha, halmashauri iliwapa mawakala kazi ya kukusanya ushuru, na mimi nikaachwa. Nyanjige akaniambia nyumba yake inahitaji mtu wa kutengeneza milango. Nikahamia chumba cha nne. Gesti zilikuwa zimeongezeka mjini, zenye feni na maua mlangoni, na wa mizani walikwenda huko. Kwetu walibaki madereva wazee waliomzoea, na wale wa mistari.

Miguu yake ilianza kuvimba mwaka 2006. Binti yake Jenifer, aliyeolewa Nyashimo, akaja na gari la kukodi kumchukua akamuuguze. Alikaa huko wiki tatu, akafariki. Niliitwa nikafika, lakini alikuwa hazungumzi tena. Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyoniambia ni ya siku ile alipoondoka.

Tulimsaidia kupanda. Jenifer alikuwa anahangaika na blanketi. Mimi nilisimama dirishani mwa gari, nimepanga neno la kumshukuru kwa miaka yote ile, na neno lenyewe, kama kawaida, likawa limekwama. Dereva akawasha gari. Nyanjige hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye minyaa, ambako palikuwa na mwanamke mmoja amesimama na ndoo ya nguo kichwani, hajui kama aingie au apite.

"Athanasi," akasema, "kuna mtu pale. Mkaribishe wewe."